Sabato Moja Nyuma

Yerusalemu,
Jumapili, wiki ya Kedoshimu, 5725

Mwanangu mpendwa Getsel,

Salamu nyingi na amani zikufikie huko Antwepi, Ubelgiji, uliko. Mimi mama yako ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, nalo limeniuma tangu enzi za Waingereza, sasa tumezoeana. Je, wewe hujambo? Kifua hakikusumbui? Sweta unavaa? Usinijibu ndiyo kwa sababu tu nimeuliza.

Pasaka imepita bila barua yako. Zamani zilikuwa zinafika kwa siku nane, nikawa najua hata siku ya kumwekea tarishi chai. Sasa ni wiki ya sita sijaona bahasha. Kwanza nilimshuku tarishi mwenyewe. Nilimzuia kwenye ngazi nikamwambia fungua mkoba. Akafungua, maskini, hamna kitu. Kisha nikamshuku jirani yetu Pesia. Birika la Pesia linachemka kutwa nzima, na barua za ua huu zote zikifika mkononi mwa mwenyewe zina unyevunyevu. Nilimuuliza, akaapa kwa watoto wake. Mtu akiapa haraka hivyo mimi nazidi kushuku.

Unakumbuka mlivyokuwa na baba yako, kumbukumbu yake iwe baraka. Kila Ijumaa kabla sijawasha mishumaa, Zanvili alikaa mezani akasoma fungu la Tora la wiki hiyo, maandiko mara mbili na tafsiri ya Kiaramu mara moja, kisha anakugeukia: "Haya Getsel, neno moja jipya." Samaki hakuliwa mpaka useme. Wewe ulikuwa unawaza, na mimi nimesimama na sahani mkononi, samaki anapoa. Ulipoondoka baada ya sikukuu za vuli uliniahidi kwamba neno hilo sasa litakuja kwa posta. Mbona haliji?

Nami tarehe naendelea kuandika kwa jina la fungu, kama baba yako. Wewe pia usiache. Tarehe za posta zinapigwa na serikali, na serikali siiamini.

Pesia kila siku: "Henia, mwanao vipi?" Namwambia anasoma Tora mbele ya watu mia tatu, wote kimya, hata koo halimkauki. Anabetua mdomo. Mwache abetue.

Nijibu upesi.

Mama yako,
Henia

*

Antwepi,
Jumatano, wiki ya Emori

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na goti limepata nafuu kwa kuwa joto limeanza. Mimi sijambo. Nakula vizuri, mikate ya hapa haina kasoro. Sweta nimeliweka kwa sasa.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kabla ya Pasaka kulikuwa na shughuli nyingi, na baada yake uchovu. Posta nayo imekuwa ya kusuasua, hata wenzangu wanalalamika. Usimfanyie tarishi fujo, Mama, ana familia.

Kusoma kunakwenda vizuri. Nasoma kila Sabato.

Neno la wiki hii: Emori inazitaja sikukuu zote, na inatuamuru kuhesabu siku arobaini na tisa tangu Pasaka. Leo ni ya kumi na nane. Nimejiuliza kwa nini tunahesabu kwenda mbele. Mtu anayengoja jambo la furaha huhesabu siku zilizobaki. Askari anayekaribia kutoka jeshini hufanya hivyo, hata bibi harusi. Sisi tunahesabu zilizokwisha pita. Naona ni kwa sababu waliokuwa wametoka utumwani hawakuwa na hakika kama watafika. Walichokuwa na hakika nacho ni umbali waliokwisha tembea tu.

Nisalimie ua wote, hata Pesia.

Mwanao,
Getsel

*

Yerusalemu,
Jumanne, wiki ya Bamidbari

Mwanangu Getsel,

Salamu na amani. Mimi mzima. Goti ni lilelile, joto halijalisaidia. Wewe hujambo?

Barua yako ya Emori imefika jana. Siku kumi na tisa! Hata wana wa Israeli kwa miguu wangekuwa wamekwisha fika. Nimeisoma nikafurahi, kisha nikaisoma tena furaha ikapungua.

Neno lako ni zuri. Ni zuri mno. Nani amekusaidia? Tena ni neno la mtu mwenye huzuni. Mtu anayekula vizuri na kusoma vizuri hakai kuwaza habari ya kufika na kutofika. Umesema "kusoma kunakwenda vizuri" ukanyamaza. Wewe? Wewe ambaye mwezi wa kwanza uliniandikia kurasa nne kuhusu gombo lao, urefu wa meza yao na rangi ya kijiti cha fedha cha kufuatia mistari?

La pili. Barua ni mkono wako, lakini bahasha ni mkono mwingine. Herufi za mviringo, zimelala upande mmoja. Ni za nani? Na usiniambie ulikuwa umeumia kidole. Ni mwanamke? Kama ni mwanamke, ni binti wa nani, na kwa nini anaandika bahasha kabla sijamjua mama yake?

La tatu. Kuna harufu kwenye karatasi. Nimeinusa mimi, nikampa Pesia anuse bila kumwambia ni nini, akasema hamira. Hamira, Getsel! Msomaji wa Tora ananukaje hamira?

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi naona mawingu. Nijibu yote matatu, moja moja, wala usiniletee habari za hali ya hewa.

Mama yako,
Henia

*

Antwepi,
Alhamisi, wiki ya Naso

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na heri ya Sikukuu ya Majuma inayokuja. Mimi ni mzima wa afya. Natumaini nawe u mzima, na kwamba umeoka ile keki ya jibini. Hapa hakuna anayeiweza.

Barua yako bado sijaipata, ila nimeona nisikae kimya tena. Sabato iliyopita nilisoma Bamidbari, na ile hesabu ya makabila yote niliimaliza bila kosa hata moja. Watu wakaniambia Mungu akutie nguvu. Wiki hii ni Naso, fungu refu kuliko yote ya mwaka, nami nalirudia tangu Jumapili kila nipatapo nafasi.

Neno: katika Naso wakuu kumi na wawili wanaleta zawadi, sahani ileile, bakuli lilelile, na Tora inairudia orodha mara kumi na mbili, haikatizi. Ningekuwa mimi ningeandika "na wengine vivyo hivyo". Lakini nadhani mkuu wa saba alipobeba sahani yake hakuwa anafikiria kwamba anachosha watu. Kwake ilikuwa ya kwanza.

Nitaandika zaidi baada ya sikukuu.

Mwanao,
Getsel

*

Yerusalemu,
Jumatatu, wiki ya Kora

Getsel,

Salamu. Mimi mzima. Wewe hujambo? Haya, hayo yamekwisha. Sasa nijibu: uko wapi?

Usiniambie Antwepi. Barua yako ya Naso imefika leo asubuhi. Nimeiweka mezani kando ya ile ya Emori, nimevaa miwani, nimekaa. Tarehe yako ni Alhamisi, wiki ya Naso, na unasema Sabato iliyotangulia ulisoma Bamidbari. Vizuri. Sisi pia. Sisi wa huku, Getsel!

Umesahau mwaka huu ni mwaka gani? Sisi tunaokaa Nchini, hapa Israeli, tunashika Pasaka siku saba. Watu wa ng'ambo wanaongeza ya nane. Mwaka huu siku yao ya nane iliangukia Sabato, kwa hiyo Sabato hiyo wao walisoma habari za sikukuu, na sisi tukaendelea na fungu letu. Tangu hapo wako nyuma yetu. Sabato uliyosoma Bamidbari, Antwepi nzima ilikuwa bado kwenye laana za Bekhukotai, fungu linalotangulia.

Nilidhani labda nimezeeka. Nikaenda kwa msimamizi wa sinagogi, nikamdanganya kwamba nimebishana na Pesia. Akaisogelea kalenda yake ya ukutani, akapiga hesabu kwa kidole, akasema, "Henia, umeshinda. Ng'ambo yote iko Sabato moja nyuma, mpaka Masei." Ng'ambo yote! Si Ubelgiji tu. Uingereza, Marekani, popote. Wiki ile Naso ilisomwa hapa Nchini peke yake. Stempu mtu anaweza kununuliwa na rafiki. Lakini wewe umeandika wiki unayoishi, bila kufikiri, kama mtu anavyojibu jina lake akiitwa.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako imetoka Antwepi na kuishia mlangoni kwangu.

Basi nimekaa nakushuku kwa mpangilio. Uko jela? Uko hospitali? Umenyoa ndevu ukaenda kulima na wale wanaovuta sigara siku ya Sabato? Umeoa? Katika hayo yote jela ningeivumilia kuliko mengine, maana jela angalau mtu hakuchagua. Kinachoniuma ni kwamba upo karibu. Ungekuwa mbali na ukanidanganya ningesema ni umbali. Upo mahali ambapo basi linafika, na hukutaka kuniona.

Barua hii naituma Antwepi, kwa kuwa sina anwani nyingine ya mwanangu. Lifikirie hilo ukiwa unakula. Na wewe Feivish, mwenzake wa chumba, najua sasa hizo herufi za mviringo ni zako: ukiwa unasoma hapa, aibu juu yako, na mama yako nitamwandikia.

Nasema mara moja. Masei ikifika nami sijaupata ukweli, nitavua viatu nikae sakafuni siku saba kama mama aliyefiwa, na baada ya hapo usiniandikie tena.

Mama yako, kama bado unaye,
Henia

*

Haifa,
Alhamisi, wiki ya Balaki

Mama,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Goti? Unalala?

Barua yako imezunguka Antwepi na kunifikia jana. Feivish ameongeza karatasi yake kuomba radhi na anakusihi usimwandikie mama yake. Hana kosa. Mimi nilimwomba azitie barua zangu kwenye bahasha za huko na kukutumia.

Niko Haifa. Siko jela, si mgonjwa, sijaoa, ndevu ninazo. Wiki hii ni ya yule punda aliyesema kweli kabla ya bwana wake, kwa hiyo nami nisishindwe na punda.

Antwepi nilianza vizuri, yale niliyokuandikia mwanzoni ni ya kweli. Unajua gombo halina alama, si za sauti wala za kituo, yote yapo kichwani mwa msomaji. Na unajua msomaji akikosea watu wanapaza sauti kumrekebisha, ndivyo inavyotakiwa. Hapo nyumbani kwetu wanapaza sauti wawili watatu. Kule walipaza wote arobaini, na msimamizi anapiga meza kwa kiganja, pa! Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Wiki iliyofuata nilipanda nikiwa nalingoja lingine, na mtu akilingoja, linakuja. Wakapaza. Pa! Nikaanza kuota kile kiganja. Ilipofika Sabato ya kumkumbuka Amaleki, kabla ya Purimu, ile ambayo kila mtu analazimika kusikia kila neno, nilisimama mbele ya gombo na sauti haikutoka. Si kwamba nilikosea. Haikutoka kabisa. Watu wakaanza kunipa neno la kwanza, wakidhani nimesahau. Wote arobaini wananipa neno moja, na mimi nalijua! Mwishowe mtu mwingine akakishika kijiti.

Nikapanda meli. Wiki moja kabla ya Pasaka nilifika Yerusalemu na sanduku langu. Nilifika mpaka kwenye lango la ua, Mama. Ulikuwa unapiga godoro kwa ajili ya usafi wa sikukuu, na Pesia yuko dirishani. Nikasikia ukimwambia, "Watu mia tatu, Pesia, na koo halimkauki." Nikaona mgongo wako ulivyokuwa umenyooka. Nikageuka.

Nafanya kazi ya kuoka mikate. Harufu aliyoinusa Pesia ndiyo hiyo. Wenzangu wana chumba cha sala nyuma ya ghala la unga, watu kumi na saba, hawana msomaji. Nilikataa mwezi mzima, kisha Mzee Shabtai akasema, "Soma vibaya, sisi tutajuaje?" Basi nasoma. Akigundua kosa anagusa meza kwa kidole kimoja, taratibu.

Naomba unisamehe. Usije kwanza. Sijawa tayari kuonekana nawe.

Mwanao,
Getsel

*

Yerusalemu,
Jumatatu, wiki ya Pinhasi

Getsel,

Salamu. Mimi mzima. Nalala saa nne, zinanitosha.

Barua yako nimeisoma inavyotakiwa: mara mbili kama ilivyoandikwa, na mara moja kwa tafsiri yangu. Na tafsiri yangu ni kwamba sijui.

Nataka kuamini. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia kwamba mikate ya Antwepi haina kasoro. Uongo wako ulikuwa na salamu na heri ya sikukuu ndani yake, kama ukweli ulivyo. Sasa unaniletea simulizi lenye punda na godoro, na mimi nalia, kisha nafuta macho nawaza: huyu anajua kinachomliza mama yake. Watu kumi na saba? Mbona si kumi na sita? Mzee Shabtai, wa wapi, mwana wa nani? Na mtu ambaye sauti imemkauka mbele ya arobaini, inarudije mbele ya kumi na saba? Na kama kweli hakuna mwanamke, nani anakufulia?

Unasema nisije. Hilo ndilo linanipa shaka kuliko yote.

Sikuambii neno lingine kwa sasa.

Mama yako,
Henia

*

Haifa,
Jumapili, wiki ya Matoti

Mama yangu,

Shikamoo. U mzima? Ulifikaje nyumbani? Ulipata basi lenye nafasi, au ulisimama njia nzima na goti hilo?

Najua ni wewe. Usikane, tafadhali.

Jana nilikuwa nasoma Pinhasi. Nilifika mwishoni, kwenye sadaka za ile sikukuu ya siku nane, ambapo kila siku ina aya yake na aya zote zinafanana, mafahali tu wanapungua mmoja mmoja. Nikasoma ya pili, nikasoma ya tatu, na jicho likateleza likaangukia ya tano. Mzee Shabtai hakuwepo, ana homa. Waliobaki hawakujua. Mimi mwenyewe sikujua. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya lile pazia la upande wa wanawake, ambako hajawahi kukaa mtu:

"Ya nne! Umeruka siku ya nne!"

Watu wote wakageuka. Mwokaji mkuu, Bwana Ovadia, akauliza kwa nguvu, "Nani huyo mwanamke?" Na mwingine akajibu, "Sijui, lakini amesema kweli, angalia."

Mama, nilishika ukingo wa meza. Nilingoja koo lifunge, maana ndivyo lilivyofanya kule. Nikarudi kwenye siku ya nne, nikaanza, na sauti ikatoka. Nikasoma ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, mpaka mwisho. Kule walikuwa arobaini nikazama. Hapa ulikuwa mmoja, na ulipaza kuliko wote arobaini, nami nikaendelea! Sijui kwa nini. Nimeliwaza usiku na mchana na sijui bado.

Sala ilipokwisha nilikimbilia upande wa pazia. Kiti kitupu, na mlango wa nyuma umefunguliwa. Siku ya Sabato wewe hupandi basi, kwa hiyo ulikuwa bado mjini, umejificha mahali, na mimi nilizunguka mitaa yote mpaka nyota zikatoka na Sabato ikaisha. Kwa nini ulikimbia?

Na uniambie kweli: ulikuja kunisikiliza, au ulikuja kunipeleleza?

Mwanao,
Getsel

*

Yerusalemu,
Jumatano, wiki ya Matoti

Getsel mwanangu, kipenzi changu,

Salamu na amani, amani tele. Mimi ni mzima. Basi nililipata Jumamosi baada ya nyota kutoka, na kijana mmoja mwanajeshi alinipisha kiti. Nilimshuku kwa nini ni mwema hivyo, lakini nilikaa.

Umeniuliza nikuambie kweli. Nilikuja kukupeleleza. Nilifika Ijumaa, nikalala kwa dada yake Pesia anayekaa huko Haifa, ambaye nilimwambia nimekuja kuona daktari wa goti. Sabato asubuhi nikaulizia ghala la unga. Niliingia mapema kabla yenu, nikakaa nyuma ya pazia na tundu langu la kuchungulia. Nilitaka kuona kama ndevu zipo, kama kuna mwanamke, na kama wako kweli kumi na saba. Mlikuwa kumi na sita, na nikasema, aha! Sikujua habari za homa ya Shabtai, Mungu amponye.

Kisha ukapanda ukaanza kusoma, na mimi nikasahau kuchungulia.

Nikuambie jambo ambalo hukuwahi kuambiwa. Unadhani baba yako alikuwa anasoma mara mbili na tafsiri mara moja kila Ijumaa kwa sababu ya uchaji tu? Alikuwa anaogopa. Miaka thelathini na moja alisoma Tora hapa, na kila Sabato asubuhi hakuweza kumeza hata chai. Mimi nilikuwa nasimama pale jikoni nikimsikiliza akijizoeza, mpaka mafungu yote yakaniingia kichwani bila mtu kunifundisha. Sabato nilikaa juu kwa wanawake, akikosea nilijua kabla ya wanaume wote, nami nauma leso. Miaka thelathini na moja ya kuuma leso, Getsel. Juzi leso niliisahau kwa dada yake Pesia.

Tena fungu lenyewe lilikuwa la wale mabinti watano wa Selofehadi, waliosimama wakasema mbele ya mkutano mzima, na Mungu akasema wamesema sawa. Basi mimi nilikuwa wa sita. Lakini neno lilipokwisha toka nikaona nyuso zote zimegeuka, na mgongo wako umekakamaa, nikasema, Henia, umemuua mwanao. Alikimbia arobaini na wewe umemfuata mpaka huku. Ndiyo maana nilikimbia. Nilikuwa ngazini niliposikia unaanza siku ya nne. Nilisimama hapo hapo mpaka ukamaliza ya nane, mkono ukutani, kisha nikaenda zangu nikilia kama mtoto.

Ni mimi niliyekosa. Wale watu mia tatu niliwatunga mimi. Wewe uliniandikia arobaini, na arobaini walinitosha kabisa, lakini Pesia ana mkwe daktari. Ulirudi na sanduku lako na nikakufungia lango kwa mdomo wangu. Nisamehe, mwanangu. Sitakaa sakafuni, nitakaa kwenye kiti changu nikungoje.

Sabato ya wiki ijayo ni Masei. Watu wa ng'ambo wataunganisha mafungu mawili siku moja na kutufikia. Baada ya hapo, ukiandika tarehe, haitaniambia tena uko upande gani wa dunia. Itabidi nikuamini kwa neno lako tu. Kazi hiyo siijui, lakini nitajifunza.

Jana nilianza kurekebisha. Nilimwita Pesia dirishani, ua wote unasikia, nikasema, "Pesia, mwanangu hayuko Antwepi. Kule alishindwa kusoma akarudi. Yuko Haifa, anaoka mikate, na anawasomea Tora waokaji kumi na saba." Nilisema yote, sikupunguza hata mmoja.

Pesia akabetua mdomo. Kisha akasema, "Henia, mimi si mtoto. Unaogopa jicho la husuda tu. Atakuwa amepandishwa cheo huko, sasa wako mia tano." Akafunga dirisha. Mpaka jioni ua mzima ulikuwa unanipa hongera.

Kwa hiyo njoo, Getsel. Njoo Ijumaa ya wiki ijayo, ukitoka tu kazini, mchana kweupe, watu wote wakiwa uani. Na usinawe mikono. Uje na unga kwenye kucha hivyo hivyo, umshike Pesia mkono pale dirishani, aone. Mimi hakuna anayeniamini.

Mama yako,
Henia